Mgema na Wanywaji: Je, Dragon Ball Ilipoteza Mwelekeo?

Utangulizi

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii nimeisikia mara nyingi ikielekezwa kwa mtu ambaye hakuwahi kugema: Akira Toriyama, Mjapani aliyechora Dragon Ball, hadithi ya picha iliyochapishwa kila wiki kuanzia mwaka 1984 hadi 1995. Wanaoitumia ni vijana wenzangu wa Bujumbura, waliokua wakiitazama hadithi hiyo kwa Kifaransa, na ambao mpaka leo wakikutana watatu hawaachani kabla ya kuibishania. Wanasema Toriyama alianza vizuri, akasifiwa na dunia nzima, kisha akaanza kutia maji: maadui wapya hawaishi, waliokufa wanafufuka, nguvu zinaongezeka hadi zinakosa maana. Kwa neno lao moja, hadithi "ilipotea".

Katika insha hii nautazama ubishi huo kama swali la historia. Siulizi kama sehemu za mwisho zinapendeza, maana katika ladha kila mtu ana ulimi wake. Nauliza mambo ambayo ushahidi unaweza kuyajibu: hadithi hii ilianza na mwelekeo gani, nani aliuweka, na nani aliubadilisha? Nitaonyesha kwamba Dragon Ball haikuwahi kuwa na njia moja iliyochorwa tangu mwanzo. Njia yake ilichongwa wiki baada ya wiki na mikono mitatu, wa mchoraji, wa mhariri na wa msomaji mwenyewe. Hata hivyo, nitaonyesha pia kwamba iko ahadi moja ambayo hadithi yenyewe iliitoa kisha ikaivunja, na hapo wakosoaji wana haki kamili.

Hadithi yenyewe kwa ufupi

Wajapani huziita hadithi za aina hii manga. Dragon Ball ilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 1984 katika jarida la Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha. Toriyama, aliyezaliwa mwaka 1955, alikuwa amekwisha kupata jina kwa kichekesho chake Dr. Slump, kilichotoka kuanzia 1980 hadi 1984. Kazi yake mpya aliijenga juu ya riwaya maarufu ya Kichina ya karne ya 16, Safari ya Magharibi, inayosimulia habari za mfalme wa nyani anayemsindikiza mtawa. Nyani huyo akawa Goku, mtoto wa porini mwenye mkia na nguvu za ajabu. Goku anakutana na msichana wa mjini, Bulma, anayetafuta mipira saba ambayo ikikusanywa hulitoa joka lenye uwezo wa kutimiza ombi lolote.

Hapo mwanzo ni vichekesho na safari. Baadaye yanakuja mashindano ya mapigano, kisha vita dhidi ya Piccolo. Mwaka 1988, katika juzuu la 17, tunaambiwa kwamba Goku hakuzaliwa duniani: anatokea kaka yake, Raditz, kutoka kabila la wapiganaji wa sayari nyingine. Hapohapo tunamwona kwa mara ya kwanza Gohan, mtoto wa Goku. Zinafuata sehemu tatu kubwa: vita dhidi ya Freeza kwenye sayari ya Namek, vita dhidi ya watu bandia na kiumbe Cell, na mwisho vita dhidi ya Majin Buu. Yote hayo yalikwenda hadi sura ya 519, na yakajaza vitabu 42.

Ni vyema msomaji ajue kwamba katika vitabu vya Kijapani hadithi iliitwa Dragon Ball tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Herufi Z iliongezwa na televisheni mwaka 1989. Nitairudia tofauti hii kati ya kitabu na televisheni, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama imezaliwa hapo.

Jarida lililoendeshwa kwa kadi

Ili kujua nani alishika usukani, lazima tulitazame jarida lenyewe. Shonen Jump lilianzishwa mwaka 1968 na kuwa la kila wiki mwaka uliofuata. Lilikuja sokoni likiwa limechelewa, wakati wachoraji wenye majina walikwisha kuchukuliwa na majarida mengine. Kwa hiyo lilitegemea vijana wasiojulikana, na likatafuta njia ya haraka ya kujua yupi kati yao anafaa. Njia hiyo ilikuwa kadi ya posta. Ndani ya kila toleo mliwekwa kadi ambayo msomaji aliijaza kwa kutaja hadithi tatu alizozipenda zaidi wiki hiyo, kisha akaituma kwa wahariri. Kura zilihesabiwa. Hadithi iliyokaa chini kwa wiki kadhaa ilikatwa, hata kama mchoraji alikuwa bado anawatambulisha wahusika wake.

Kadi hizo ziliigusa Dragon Ball mapema sana. Umaarufu wa mwanzo ulipoanza kushuka, mhariri wa Toriyama, Kazuhiko Torishima, alimweleza kwamba mhusika wake mkuu amepooza. Walijadiliana Goku ni mtu wa namna gani hasa, wakakubaliana kwamba ni mtu ambaye hamu yake kubwa ni kuwa na nguvu zaidi. Ndipo mwaka 1985 likaja shindano la kwanza la mapigano, na kura zikapanda. Safari ya kutafuta mipira ikawa kisingizio tu. Mapigano yakachukua nafasi ya mbele.

Naomba msomaji alitafakari tukio hilo. Kama kuna siku ambayo Dragon Ball iliacha njia yake ya asili, ni siku hiyo, mwaka mmoja tu baada ya kuanza. Aliyekuwa akisoma safari ya mfalme wa nyani angeweza kulalamika mwaka 1985 kwamba hadithi imepotea, na angekuwa na ushahidi mwingi kuliko wote waliolalamika baada yake. Lakini simsikii mtu yeyote leo akiilaumu hatua hiyo. Tunaiita mwanzo mzuri, kwa sababu sisi tuliikuta hadithi ikiwa imekwisha kugeuka.

Kambi tatu za wakosoaji

Nimewasikiliza wenzangu kwa makini, na naweza kuwagawa katika kambi tatu. Kambi ya kwanza inasema hadithi ingeishia pale Goku, akiwa kijana mkubwa, anapomshinda Piccolo kwenye mashindano na kuondoka na mchumba wake Chi-Chi. Kwao, habari za sayari nyingine ni kiraka cha rangi tofauti. Kambi ya pili, ambayo ndiyo kubwa, inasema ingeishia kwa Freeza: Goku amepata umbo jipya la nywele za dhahabu, amelipiza kisasi cha kabila lake, nini tena? Kambi ya tatu inakubali kuendelea hadi kifo cha Cell mwaka 1993, lakini inamkataa Majin Buu kabisa.

Ukiziweka kambi hizi pamoja unaona jambo la kushangaza kidogo. Kila kambi inaita "kupotea" kile ambacho kambi inayofuata inakiita kilele. Wa kwanza wangesikilizwa, wa pili wasingempata Freeza wao. Wa pili wangesikilizwa, tusingemjua Trunks, kijana aliyetoka wakati ujao na upanga mgongoni, ambaye hata wao wanampenda. Neno moja linalotumiwa kwa mahali patatu tofauti halituambii sana kuhusu hadithi. Linatuambia zaidi msomaji alikuwa na umri gani alipoipenda.

Tena wengi wao wanaihukumu televisheni wakidhani wanakihukumu kitabu. Nchini Ufaransa hadithi hii ilianza kuonyeshwa mwaka 1988 katika kipindi cha watoto cha Club Dorothée, na vitabu vya Kifaransa vilianza kutolewa na Glénat mwaka 1993. Kwetu sisi tunaotumia Kifaransa, hivyo ndivyo ilivyokuja: picha zinazotembea kwanza, kitabu baadaye au kisifike kabisa. Filamu hizo zilikuwa zikitengenezwa wakati kitabu bado kinachorwa. Watengenezaji walipomkaribia mno Toriyama, walilazimika kungoja, na walingoja kwa kurefusha: kutazamana kwa dakika nzima, kupiga kelele bila kupigana, matukio ya pembeni yasiyomo kitabuni. Freeza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano, na dakika hizo tano zinachukua vipindi kadhaa. Dragon Ball Z ilifika vipindi 291. Mwaka 2009 ilipotolewa upya kwa jina la Dragon Ball Kai, sehemu inayoanza kwa Raditz na kuishia kwa Cell ilipungua karibu nusu, na hakuna tukio kubwa lililopotea. Kama ni maji ndani ya tembo, mengi yaliongezwa njiani na wachuuzi.

Kwenye meza ya mchoraji

Turudi kwa mgema mwenyewe. Kila wiki Toriyama alitakiwa kukabidhi kurasa zipatazo 15, na kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo alikuwa na msaidizi mmoja. Tukilijua hilo, tunaanza kuona sababu za mambo tuliyodhani ni ya ubunifu mtupu. Nywele za dhahabu za Goku, ambazo leo zinajulikana kila pembe ya dunia, zilikuwa na faida moja ya wazi: kwenye karatasi zisizo na rangi ni nyeupe, kwa hiyo msaidizi hakuhitaji tena kuzijaza wino mweusi katika kila picha. Toriyama mwenyewe alieleza hivyo. Alieleza pia kwamba alipenda mapigano yafanyike jangwani, na kwamba wapiganaji walipokuwa mjini aliulipua mji mapema ili asiendelee kuchora majengo.

Kuhusu mpango wa hadithi, hakuficha kitu. Katika mahojiano mbalimbali alisema hakuwa na kawaida ya kupanga mambo ya mbele, kwamba mara nyingi alijua kitakachotokea muda mfupi tu kabla ya wasomaji wake. Mfano bora ni sehemu ya watu bandia. Trunks anatoka wakati ujao kuonya kwamba watu wawili walioundwa na mwanasayansi watakuja kuiangamiza dunia. Siku inafika, wanatokea wawili: mmoja mzee, mwingine mnene. Torishima, ambaye wakati huo hakuwa tena mhariri wa hadithi hiyo, aliwaona akampigia Toriyama simu kumweleza kwamba mzee na mtu mnene hawatishi. Toriyama akawaleta wawili wengine, vijana wenye sura nzuri, namba 17 na namba 18. Torishima akalalamika tena: sasa ni watoto watupu. Ndipo akaundwa Cell. Mhariri wa wakati huo, Yu Kondo, hakupendezwa na umbo la kwanza la Cell, wala la pili. Akataka afike haraka kwenye umbo lililokamilika na lenye kuvutia.

Maana yake ni kwamba adui mkuu wa sehemu nzima alizaliwa kwa simu za malalamiko. Ndani ya hadithi Trunks analazimika kusema kwamba wale wawili wa kwanza siyo aliowajua, na kwamba historia imebadilika. Msomaji asiyejua habari za simu anasoma hayo kama fumbo la safari za wakati, na linamvutia. Mimi pia lilinivutia. Na hii ndiyo hoja yangu dhidi ya wale wanaosema kukosa mpango ni kukosa mwelekeo. Sehemu hiyo iliungwaungwa vipande kwa vipande, lakini ina uti wa mgongo: kila anachokifanya Goku kinaelekea kwenye siku ambayo mtoto wake atasimama mbele yake. Vivyo hivyo kwa Vegeta. Anaingia hadithini kama muuaji anayekuja kuiteka dunia. Anaishia kuwa mume na baba, mtu anayejitoa mhanga dhidi ya Buu kwa ajili ya mke na mtoto wake. Badiliko hilo lilihitaji miaka mingi ya kuchora, na mchoraji aliyeifunga hadithi kwa Freeza asingekuwa na muda wa kulifikisha huko.

Ahadi iliyovunjwa

Hadi hapa nimemtetea Toriyama. Sasa nataka kuwatetea wakosoaji, kwa sababu wana hoja moja ambayo majibu ya hapo juu hayaigusi. Hoja hiyo ni Gohan.

Msomaji anaweza kumsamehe msimulizi asiyetangaza anakokwenda. Ni vigumu kumsamehe anayetangaza, akatutembeza miaka mitano kuelekea huko, kisha akageuka. Na juu ya Gohan hadithi ilitangaza. Katika kurasa za mwaka 1988 ni mtoto wa miaka minne anayelia kwa woga. Ghafla, kwa hasira, anamgonga Raditz kwa nguvu ambayo baba yake hana. Piccolo anamchukua kumfundisha, na anaishia kufa akimkinga. Kule Namek tunaionja tena nguvu hiyo iliyojificha. Wakati wa Cell, Goku anapigana, anasalimu amri bila kushindwa, na anasema mbele ya wote kwamba anayefuata ni Gohan, na kwamba ndiye atakayeshinda. Anashinda kweli. Goku anakufa, na anapopewa nafasi ya kufufuliwa anakataa, akieleza kwamba maadui wengi huja duniani kwa sababu yake. Katika hadithi ambayo kifo kimekuwa kama safari ya kwenda sokoni na kurudi, mtu anachagua kubaki amekufa ili mwanawe achukue nafasi yake. Sijui njia ya wazi zaidi ya kutoa ahadi.

Sehemu ya Buu inaanza miaka saba baadaye kama inavyotarajiwa: Gohan ni mwanafunzi wa sekondari, na kuna vichekesho vinavyokumbusha siku za mwanzo. Lakini Goku anaruhusiwa kurudi kwa siku moja. Siku hiyo inarefuka. Gohan anaongezewa nguvu kupita wote, anamzidi Buu, kisha kwa uzembe anamezwa na Buu huyohuyo, na mwishowe anayemaliza kazi ni Goku, kama ilivyokuwa siku zote. Toriyama alieleza baadaye kwamba alikusudia kumfanya Gohan mhusika mkuu, lakini akaona hafai nafasi hiyo kama Goku alivyoifaa.

Maelezo hayo ni ya kweli na nayaheshimu, lakini hayafuti deni. Wanaomtetea husema Gohan hakupenda vita tangu utotoni. Alitaka kusoma, na hadithi ilimwachia asome. Ningeikubali hoja hiyo kama hadithi ingeisema yenyewe, kwa mfano kama Gohan angekataa na baba yake akamwelewa. Hakuna tukio kama hilo. Gohan hakuchagua kukaa pembeni, aliwekwa pembeni. Kwangu mimi, hapa ndipo mahali pekee ambapo neno "kupotea" lina maana kamili, kwa sababu hapa peke yake palikuwa na mahali palipotajwa pa kwenda.

Yaelekea mwandishi mwenyewe hakulisahau jambo hilo. Mwaka 2022 ilitoka filamu ya Dragon Ball Super: Super Hero, ambayo Toriyama aliiandikia maandishi. Goku na Vegeta wako mbali na vita. Wanaopigana ni Piccolo na Gohan, mwalimu na mwanafunzi wake. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu kifo cha Cell.

Mikono iliyoinuliwa

Hata hivyo sitaki kuiacha sehemu ya Buu bila kutaja tukio lake la mwisho, kwa sababu linagusa swali letu. Ili kumwangamiza Buu, Goku anahitaji nguvu za watu wote wa dunia. Kila mtu ainue mikono na atoe kidogo alichonacho. Wapiganaji wanawaomba, na watu wanakataa, kwa kuwa hawawajui. Wanakubali pale tu wanapoombwa na Mr. Satan, bingwa wa uongo ambaye kwa miaka saba walimdhania kuwa ndiye aliyemuua Cell.

Sidai kwamba Toriyama alikusudia fumbo. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka 11 chini ya kura za kadi alijua kitu kuhusu umati wa watu wasioonekana ambao mikono yao ndiyo nguvu yako, na ambao huenda hawajui wanamshangilia nani. Wakati sehemu hiyo inachorwa, Shonen Jump lilifikia rekodi yake ya nakala milioni 6.53 kwa toleo moja, mwanzoni mwa mwaka 1995. Dragon Ball ilifungwa katikati ya mwaka huo. Katika maneno ya kuwaaga wasomaji, Toriyama alieleza kwamba yeye ndiye aliyewaomba wahusika wamruhusu kumaliza. Mwaka 1997 Jump lilipitwa kwa mauzo na mshindani wake, Weekly Shonen Magazine la Kodansha. Tukiona ukubwa wa biashara hiyo tunaelewa kwa nini mtu aombe ruhusa kuacha kazi yake mwenyewe.

Wako waliowahi kuacha. Yoshihiro Togashi aliifunga Yu Yu Hakusho mwaka 1994 ikiwa bado inapendwa, na baadaye akaandika wazi kuhusu uchovu uliomfikisha hapo. Takehiko Inoue aliifunga Slam Dunk mwaka 1996, mara tu baada ya timu yake kuwashinda mabingwa; shindano lenyewe halikuchorwa hadi mwisho. Wasomaji wengi walilalamika wakati huo kwamba wamekatiwa hadithi. Leo wengi hao hao wanautaja mwisho huo kama mfano wa kuigwa. Anayeendelea analaumiwa kwa kutia maji, anayeacha analaumiwa kwa kuvunja mtungi.

Wala jambo hili halikuanza Japani. Charles Dickens, alipoona mauzo ya Martin Chuzzlewit yanakatisha tamaa mwaka 1843, alimpeleka shujaa wake Marekani katikati ya hadithi. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893 kwa kumchoka, wasomaji wakaghadhibika, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Popote hadithi inapouzwa kwa vipande, msomaji anakuwa na sauti kabla haijaisha, na sauti hiyo huingia ndani ya hadithi.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba Dragon Ball ilibadilishwa mwelekeo mara nyingi, kuanzia mwaka wake wa pili, na kwamba aliyeibadilisha hakuwa mtu mmoja. Kwa hiyo lawama ya jumla, kwamba ilikuwa na njia na ikaipoteza, haina msingi wa kihistoria. Lawama inayosimama ni ile ya Gohan, kwa sababu inapimwa kwa maneno ya hadithi yenyewe.

Kwa wenzangu wanaopenda ubishi huu, napendekeza tujiulize mambo matatu kabla ya kuhukumu hadithi yoyote ya mfululizo. Tunazungumzia kitabu, au televisheni iliyokirefusha? Je, hadithi yenyewe ilituahidi tunachokidai, au tulijiahidi wenyewe? Na je, sisi wasomaji tulipiga kura gani wakati ule?

Swali la tatu linatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 68, na kadi za posta za watoto wa Japani hazikuwahi kupita mikononi mwetu. Lakini tangu mwaka 2019 Shueisha inazitoa sura mpya za hadithi zake kwenye simu, katika nchi nyingi, siku ileile zinapotoka Japani. Kijana wa Buyenzi anaweza kusoma sura ya wiki hii na kutoa maoni yake kabla ya jua kuchwa. Wagema wapya wako juu ya minazi sasa hivi, wanachora kurasa za wiki ijayo, na safari hii sisi tumo miongoni mwa wanywaji wanaopiga kelele chini. Mti hautoi zaidi ya ulichonacho. Tunapodai kila Jumatatu mtungi mpya uliojaa, tukumbuke nani alitufundisha mgema kutafuta maji.